Nafanya kazi ngumu kutwa, mazoezi ya nini tena?

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na anayeliuliza huwa hatanii. Ametoka kupakua magunia, au amefua na kupiga deki tangu alfajiri, au amechanganya zege juani. Mgongo unamuuma, vidole vimekufa ganzi, na mbele yake kuna mshauri wa afya aliyekaa kitini, anamwambia kwamba kila mtu mzima anapaswa kuushughulisha mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Anamtazama tu. Dakika 150 yeye huzimaliza kabla ya saa nne asubuhi, siku moja.

Upande mwingine yuko mtu wa ofisini. Huyu habishi. Anajua kwamba anakaa mno, amejiandikisha jimu, amekwenda wiki mbili, ameacha, na sasa anajilaumu. Akimwona mbeba magunia amevua shati, misuli imejipanga, humwonea wivu: mwenzake anapata kwa kazi kile ambacho yeye hata kwa kulipia hakipati.

Wote wawili wamechanganyikiwa, na kosa si lao. Tumewapa neno moja, mazoezi, tukalitwisha mambo manne yasiyofanana. Nataka kuyatenganisha hapa, maana mkanganyiko huu unaumiza watu: anayechakaa kwa kazi anapongezwa kwa afya njema, anayekaa kutwa anaitwa mvivu, na hakuna anayeuliza siku ya kazi ya kila mmoja imepangwaje.

Neno moja, mambo manne

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani, Carl Caspersen, Kenneth Powell na Gregory Christenson, walichapisha maelezo ambayo wataalamu wengi wanayatumia mpaka leo. Shughuli za mwili, walieleza, ni mwendo wowote unaofanywa na misuli na unaotumia nishati. Wowote ule: kufagia, kupanda ngazi, kupalilia, kubeba mtoto mgongoni, kucheza muziki. Mazoezi ni sehemu tu ya hizo. Ni shughuli iliyopangwa, inayorudiwarudiwa, na mtu anaifanya kwa nia ya kuujenga mwili au kuudumisha. La tatu ni siha, yaani uwezo wenyewe: moyo na mapafu vinapeleka oksijeni kiasi gani, misuli ina nguvu kiasi gani, viungo vinakunjika hadi wapi. Mtu anaweza kufanya shughuli nyingi sana bila siha yake kupanda hata kidogo. Hapo ndipo alipo mbeba magunia, na nitarudi kwake.

La nne ni kukaa. Siku hizi watafiti hulihesabu kama jambo la peke yake: saa ambazo mtu yuko macho lakini ameketi, ameegemea au amejilaza, na mwili wake hautumii nishati zaidi ya mara moja na nusu ya ile inayotumiwa na mwili uliotulia. Mtu anaweza kukimbia nusu saa asubuhi kisha akakaa saa kumi mfululizo. Mazoezi anayo, na kukaa anako pia. Kimoja hakifuti kingine moja kwa moja.

Kuna pia suala la ukali wa shughuli. Mwili uliotulia ukihesabiwa kuwa moja, shughuli ya wastani hutumia nishati kati ya mara tatu na mara sita, na inayozidi hapo huitwa ya nguvu. Huhitaji mashine kupima. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukitamka maneno mawili matatu kisha ikakubidi uvute pumzi, umefika kwenye nguvu.

Ngazi za basi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa unaongezeka Uingereza na sababu hazikuwa wazi. Daktari Jerry Morris akapata wazo la kuangalia mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili: dereva aliyekaa karibu zamu nzima, na kondakta aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Mwajiri mmoja, barabara zilezile, mji uleule.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makondakta walikuwa wakipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua waliugua katika umri mkubwa zaidi, wakafa kwa uchache. Morris alitazama pia wafanyakazi wa posta, akakuta sura ileile: waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu. Mpaka wakati huo wengi walidhani moyo ni kama kifaa kinachochakaa kadiri kinavyotumika. Takwimu za mabasi zilionyesha kinyume chake.

Sehemu ya hadithi hii ninayoipenda zaidi ni ile isiyosimuliwa sana. Miaka mitatu baadaye Morris na wenzake walikwenda kukagua vipimo vya sare. Wakakuta madereva walipewa suruali zenye viuno vipana kuliko makondakta, hata wale vijana. Kwa hiyo huenda tofauti fulani ilikuwepo kabla kazi haijaanza kuwabadilisha. Je, ni ngazi zilizowalinda makondakta, au watu wenye miili ya aina fulani ndio walioelekea kwenye usukani? Morris hakulificha swali hilo. Alilichapisha mwenyewe, na limemfuata kila mtafiti wa jambo hili tangu siku hiyo. Tutakutana nalo tena hapa chini.

Ila tuitazame kwanza kazi ya kondakta ilivyokuwa. Anapanda ngazi kwa sekunde chache, moyo unapanda. Anatembea kati ya viti, anasimama kidogo, anakata tiketi, anazungumza na abiria, moyo unatulia. Kituo kinachofuata, ngazi tena. Mzigo wake ni begi la tiketi na sarafu. Ni kazi ya kupanda na kushuka, ya kukaza na kulegea, na mwenye kuamua apande sasa au amalizie kwanza abiria wa chini ni yeye. Ukiikumbuka picha hii, kinachofuata kitaeleweka kwa urahisi.

Wiki tatu kitandani

Kabla ya kuizungumzia kazi ngumu, tuone kinachotokea mwili unaponyimwa kazi kabisa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Walipoinuka, uwezo wao wa kutumia oksijeni wakati wa juhudi kubwa ulikuwa umeshuka zaidi ya robo.

Watafiti waliwatafuta tena baada ya miaka 30, wanaume walewale watano, sasa wakiwa na miaka 50. Walikuwa wamenenepa na kupoteza misuli. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wao ambaye miaka 30 ya kuzeeka ilimpunguzia uwezo huo kama zilivyompunguzia wiki tatu za kitandani. Wakapewa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na kwa wastani wakarudi pale walipokuwa kabla ya kulala mwaka 1966.

Kwa nini hasara inakuja haraka hivyo? Mwili hautunzi kile usichokitumia. Damu hupungua ujazo, moyo husukuma kidogo kwa kila pigo, misuli husinyaa, mifupa hupoteza madini. Na misuli ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui, ambayo ndiyo inayofanya kutembea baada ya kula kuwe jambo la maana sana. Kwa kawaida sukari iliyo kwenye damu huingia ndani ya seli za misuli kwa amri ya insulini. Lakini msuli unapojikunja, huvuta vibebaji vya sukari kutoka ndani ya seli na kuvileta kwenye utando wa nje wa seli bila kuisubiri insulini. Ni mlango wa pili. Mtu ambaye insulini yake imeanza kushindwa kazi, kama ilivyo kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mlango huu bado anao, na hufunguka kila anapotembea.

Gunia la kilo hamsini

Sasa turudi kwa mbeba magunia. Kama ngazi zilimlinda kondakta, yeye anayehangaika mara kumi zaidi si ndiye angeishi miaka mingi kuliko wote?

Takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Pieter Coenen wa Uholanzi ilikusanya tafiti nyingi pamoja, ikakuta kwamba wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake hali hiyo haikuonekana. Mwaka 2021 Andreas Holtermann na wenzake wa Denmark walitoa matokeo ya watu 104,046 wa Copenhagen waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Kadiri mtu alivyojishughulisha zaidi wakati wake wa mapumziko, ndivyo hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kifo ilivyopungua. Kadiri alivyojishughulisha zaidi kazini, ndivyo ilivyopanda.

Misuli ileile, moyo uleule. Inawezekanaje?

Simama karibu na mtu anayepakua gari. Anainama, anakumbatia gunia la kilo 50, anavuta pumzi na kuibana. Tumbo linakaza. Mishipa ya shingo inatokeza. Anainuka nalo, meno yameuma, uso umeiva, na pumzi ile haiachii mpaka gunia limekaa begani. Katika sekunde hizo misuli iliyokaza inabana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, na moyo unasukuma dhidi ya njia zilizozibwa. Shinikizo la damu linaruka juu. Anatembea, analitua, anafuta jasho kwa kiganja. Kabla pumzi haijarudi sawasawa, la pili linamngoja. Hakuchagua uzito wa gunia, wala mwendo wa kupakua, wala saa ya kusimama. Na kesho ni hivihivi.

Mtafute sasa mkimbiaji wa jioni. Miguu yake inakunja na kulegea, inakunja na kulegea, na mishipa ya damu inapanuka kuilisha. Mapigo ya moyo yanapanda vizuri, juu kuliko ya mbeba magunia, lakini kwa nusu saa tu. Kisha anaacha. Anakunywa maji, anaoga, analala. Kwa saa kadhaa baada ya hapo shinikizo lake la damu hushuka chini kuliko lilivyokuwa kabla hajaanza. Usiku mwili unajenga upya kilichochoka, na unakijenga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Tofauti yote imo humo. Ili siha ipande, juhudi inatakiwa iwe kali kiasi cha kuushtua mwili, fupi kiasi cha kumalizika, na iachiwe muda wa kupona. Kazi nzito mara nyingi inageuza yote matatu. Ukali wake ni wa katikati, hautoshi kuujenga moyo. Urefu wake ni wa saa nane au kumi, kwa hiyo mapigo ya moyo yako juu mchana kutwa. Na mapumziko yake ni mafupi au hayapo. Juu yake weka kuinama na kukaza bila kubadili mkao, joto, vumbi, na usingizi mfupi. Mtu huyu ana misuli, ndiyo, na misuli hiyo si uongo. Ila misuli ya bega haisemi lolote kuhusu hali ya ateri za moyo wake.

Hapa suruali za madereva zinarudi. Anayebeba magunia huwa pia, mara nyingi, ni mtu wa kipato kidogo, mwenye nyumba duni, anayefika kwa daktari amechelewa, na pengine anayevuta sigara. Je, kinachomuumiza ni gunia, au ni umaskini uliomfikisha kwenye gunia? Watafiti wa Norway walichapisha kazi yao mwaka huohuo wa 2021, wakitumia taarifa za watu zaidi ya 400,000. Walipozingatia mambo ya maisha ya namna hiyo, wanaume wenye kazi za kutembea na kunyanyua hawakuonekana kuishi muda mfupi; walionekana kuishi mrefu kidogo kuliko wanaokaa. Mabishano haya hayajaisha, na ni mabishano ya haki, kwa sababu huwezi kuwagawia watu kazi kwa bahati nasibu kwa miaka 30 ili uone nani atakufa.

Mimi naegemea hapa: sehemu ya hatari ni umaskini, na sehemu ni jinsi kazi yenyewe ilivyo. Kuhusu mgongo na magoti hakuna ubishi mkubwa. Kunyanyua mizigo mizito, kuinama na kupiga magoti miaka nenda miaka rudi kunaharibu gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye viungo, na kuleta maumivu. Na anayeumwa kiuno jioni hawezi kuambiwa kwamba amefanya mazoezi ya siku.

Ndivyo ilivyo pia kwa kazi za nyumbani, ambazo kwa wengi haziitwi kazi wala mazoezi. Kusugua sakafu na kufua kwa mikono kunapandisha mapigo ya moyo kweli, na dakika zake zinahesabika. Lakini kufua umeinama saa mbili kunakaza mgongo wa chini katika mkao mmoja, na anayefanya hivyo ndiye pia anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Kinachomkosesha afya huyu mama hakitakuwa uvivu. Amekosa saa ya kupumzika.

Kiti, na kusimama pia

Madhara ya kiti si habari mpya. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na ndani yake aliwaeleza washonaji na washona viatu, watu wa kukaa kutwa, waliopinda migongo, akawashauri wajishughulishe angalau siku za mapumziko. Katika kitabu hichohicho aliandika pia juu ya kazi za kusimama na miguu inayovimba.

Mshangao wangu ni kwamba tulishika nusu ya kwanza tu. Siku hizi mtu akisikia kukaa ni hatari, anakimbilia kusimama. Kusimama tuli hakutumii nishati nyingi kuliko kukaa, na kuna adhabu yake. Damu ya miguuni hurudi juu kwa msaada wa shavu la mguu: kila unapopiga hatua, msuli ule unaikamua mishipa, na vali ndogo zilizo ndani ya mishipa zinaizuia damu isirudi chini. Ukisimama pasipo kutembea, pampu hiyo imezimwa. Damu inatuama, soksi zinaacha alama, viatu vya asubuhi vinabana jioni. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 7,000 kwa miaka 12 na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta waliokuwa na kazi za kusimama sana wakipata ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wanaokaa sana. Muuza duka, mlinzi na mpishi wana haki ya kiti, na karani ana haki ya kuinuka.

Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula, wamewafundisha watafiti jambo hapa. Wanatembea sana, kila mtu anajua. Kilichopimwa na kuchapishwa mwaka 2020 ni mapumziko yao: karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mijini wanaokaa vitini. Ila wao sehemu ya mapumziko hayo huwa ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao ambayo misuli ya miguu inabaki na kazi kidogo. Kiti chenye mgongo na mikono kinaizima misuli hiyo kabisa.

Kwa anayelazimika kukaa, habari ni nzuri kuliko anavyodhani. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumuisha zaidi ya watu milioni moja ulionyesha kwamba dakika 60 hadi 75 za shughuli ya wastani kila siku ziliondoa hatari ya ziada ya kifo kwa wanaokaa zaidi ya saa nane. Dakika hizo ni nyingi, nakubali. Njia nyingine ni kukivunjavunja kikao. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walijaribu vipimo tofauti kwa kikundi kidogo cha watu 11: kutembea dakika tano kila nusu saa ndiko kulikoshusha sukari na shinikizo la damu kwa pamoja. Kikundi ni kidogo na sitakijengea nyumba, lakini kinakwenda sambamba na ule mlango wa pili wa sukari nilioueleza.

Hesabu zinazotajwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wazee waongeze mazoezi ya kujenga usawa wa mwili ili wasianguke; watoto na vijana wafikishe wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwaka 2022, kwa makadirio ya shirika hilo, asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8 hivi, hawakufikia kiwango hicho.

Badiliko kubwa la mwongozo huu lilipita kimyakimya. Ule wa mwaka 2010 ulitaka shughuli ifanywe kwa dakika kumi mfululizo au zaidi ndipo ihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika moja ya kupanda ngazi kwa haraka ni dakika. Utafiti wa Emmanuel Stamatakis na wenzake, wa mwaka 2022, uliwachukua watu wa Uingereza zaidi ya 25,000 ambao walisema hawafanyi mazoezi yoyote, ukapima mwendo wao kwa vifaa vya mkononi. Wale ambao maisha yao ya kawaida yaliwatia pumzi juu mara tatu hivi kwa siku, dakika moja au mbili kila mara, walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa zaidi ya theluthi moja wakilinganishwa na wasiopata hata hizo. Hao ni watu wa kukimbilia basi na kupandisha mlima na vikapu. Ni makondakta wa Morris wamerudi kwa sura nyingine.

Zile hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, jina lake likimaanisha kipima hatua elfu kumi. Utafiti wa I-Min Lee wa mwaka 2019, kwa wanawake wa wastani wa miaka 72, ulikuta nafuu ikianza kwenye hatua 4,400, na ikifika kwenye 7,500 haiongezeki tena kwa dhahiri. Bibi anayetembea hatua 3,000 anayeambiwa lengo ni 10,000 atakata tamaa. Akiambiwa aongeze elfu moja na kitu, atavaa viatu.

Na uzito? Nitasema kwa ufupi, maana hapa ndipo wengi huachia njiani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe kwa siku nzima, wakakuta hailingani na matarajio: ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa sawa na ya watu wa nchi za viwanda. Mwili unaojishughulisha sana hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo mizani ikigoma kushuka baada ya mwezi wa kutembea, usidhani umepoteza muda. Sukari, shinikizo, usingizi na pumzi vinakuwa vimeanza kubadilika bila mizani kujua.

Siku ya kazi

Basi tumjibu vipi mbeba magunia? Jibu la haraka ni kumwambia akimbie jioni. Watafiti wa Denmark walijaribu kitu kinachofanana na hicho kwa wafanya usafi zaidi ya mia moja: nusu yao walipewa mazoezi ya moyo na mapafu ndani ya saa za kazi, mara mbili kwa wiki, dakika 30. Baada ya miezi minne siha ya waliofanya mazoezi ilipanda, kama ilivyotarajiwa. Lakini shinikizo lao la damu lililopimwa saa 24 nalo lilipanda kidogo. Kwa mwili ambao tayari umeelemewa, hata dawa nzuri ni mzigo wa ziada. Sisemi wasifanye mazoezi. Siha ikipanda, gunia lilelile linachukua sehemu ndogo zaidi ya uwezo wa mtu, na hiyo ni faida ya kweli. Nasema mazoezi yakiongezwa bila kitu kupunguzwa, tumemwongezea zamu.

Holtermann na wenzake wawili, mwaka 2019, walipendekeza tuanzie upande mwingine: kazi yenyewe ipangwe iwe ya kiasi, isizidi wala isipungue, ili mtu akitoka kazini awe amejengeka. Kwa walezi wa watoto wadogo nchini Denmark, walishirikiana nao kubuni michezo ambayo mlezi naye anaingia na kukimbia, moyo unapanda dakika chache, kisha anaketi na watoto. Kazi ni ileile, saa ni zilezile, mpangilio tu ndio tofauti.

Wazo hilo halihitaji fedha nyingi. Gunia la kilo 50 likifungwa kuwa mawili ya 25, pumzi haibanwi kwa namna ileile. Wapakuaji wawili wakibadilishana kubeba na kupanga, mgongo unapata mikao miwili badala ya mmoja. Toroli linafanya kazi ambayo hakuna mgongo unaopaswa kuifanya. Ofisini, printa ikihamishiwa mwisho wa ukumbi, kila karatasi inakuwa safari. Simu inapokewa kwa kutembea. Mshonaji anaweza kuweka pasi mbali na cherehani, ili kila mshono umwinue.

Mtu wa ofisini, kwa hiyo, anakosa ukali kidogo na mwendo wa mara kwa mara. Dakika zake chache za pumzi juu zitamfaa kuliko jimu anayoikimbia. Mbeba magunia anakosa vitu ambavyo peke yake hawezi kujipa. Ndiyo maana akiniuliza tena mazoezi ya nini, nami huanza kwa kumuuliza: katika zamu yako mnapumzika mara ngapi, na ni nani anayeamua mpumzike saa ngapi?